Mkataba Nyuma ya Risiti

Bogumiła hupanga rafu kuanzia saa saba mchana.
Dukani kwetu Łódź, nyuma ya kiwanda cha nyuzi kilichofungwa,
yeye ndiye ajuaye kwa nini harufu ya mkate hukupokea mlangoni,
kwa nini maziwa yako mwisho kabisa, ng'ambo ya vishawishi vyote,
kwa nini peremende hukaa kimo cha mtoto aliyeketi kwenye toroli.
Bidhaa ghali, usawa wa uso;
mtaka cha nafuu sharti ainame.
Macho hayana pazia, huniambia,
nasi tunalipwa kwa kulijua hilo.

Mganga hajigangi.
Saa tatu na dakika ishirini usiku, aproni ameshaivua,
anaingia tena kwa mlango wa mbele, mteja sasa,
na miguu iliyovimba inampeleka katikati ya duka,
kwenye makreti ya vitu vya wiki hii tu.
Asubuhi msimamo wake ni chuma.
Lakini baada ya maboksi mia mbili,
baada ya meneja,
baada ya kumjibu kwa upole mzee aliyemtukana kwa bei ya siagi,
chuma kimekuwa uji.

Sijawahi kumwona akinunua kitu.
Hununua mtu.
Rangi za maji: mwanamke achoraye kila Jumapili.
Viatu vya magurudumu: yule asiyeogopa kuanguka.
Mashine ya mkate: yule aamkaye kabla ya tramu ya kwanza,
unga hadi kwenye viwiko.
Wote hao wanaishi chini ya kitanda chake,
gundi ya maboksi yao haijabanduliwa,
ilhali huyu wa sasa, huyu wa kweli,
hucheka kiganja kikiwa mdomoni,
jino la mbele limekatika tangu Pasaka
na pesa ya daktari huota mbawa kila Ijumaa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka alinijia, keshia namba nne,
akageuza risiti, akaazima kalamu yangu:
*Radosława, usiniuzie kisicholiwa mpaka nipate jino.
Nikikuomba, kataa. Nikikasirika, kataa.
Nikisema ni zawadi ya mpwa wangu, sina mpwa.*
Akatia sahihi.
Nikaibandika ndani ya droo, juu ya sarafu.

Usiku kumi na moja nilikuwa utashi wake.
Ni kazi nyepesi ajabu, kujizuia kwa niaba ya mwenzio.
Nilimnyima mto wa kupasha miguu joto.
Nilimnyima taa yenye umbo la bundi.
Usiku wa tano alinichukia, niliona;
wa sita akaniletea keki ya mbegu za mpopi.
(Mimi simu yangu naidaiwa miezi ishirini na minne.
Risiti yangu iko kwenye droo ya nani?)

Kisha zikaja mashine za kujilipia, sita, kando ya mlango.
Mashine haina droo. Haijui habari za jino.
Nilikuwa nahesabu chenji ya bibi mmoja, groshi kwa groshi,
nilipomwona mbele ya kioo, amekumbatia darubini,
na kioo kikamuuliza kwa herufi nyekundu:
Unahitaji msaada?

Akabonyeza: Hapana.

Kesho yake alikuja na kabichi na nusu mkate.
"Jana hukuniona?"
"Nilikuona."
"Mbona hukuniita?"
"Mkataba ulisema nisiuze. Haukusema nipige kelele."
Akaniangalia weee, mpaka foleni ikaanza kukohoa.
"Mawingu matupu," akasema. "Saa nzima dirishani,
jicho moja limefumba. Mawingu tu."
Akacheka, akasahau kuziba mdomo.
Akanyoosha mkono kuomba kalamu.